Sampuli Zilizotupwa

"Taja tena," Sajini Nakiru alisema. "Moja baada ya nyingine, na mahali ulipokula."

Ekuru alikuwa amelala kwa ubavu, magoti kayakunja karibu na kifua, kwani mlalo huo tu ndio uliompunguzia maumivu. Alikuwa mnunuzi wa mbuzi kutoka Pelekech, mwanamume wa miaka thelathini na tisa aliyezoea kutembea na mifugo kutwa nzima. Sasa alihema kama mtu aliyetua gunia. Katika miezi kumi na minne alikuwa amelazwa mara tano katika Hospitali ya Neema, mjini Lodwar, kwa ugonjwa uleule: moto unaowaka chini ya chembe cha moyo, unapenya mpaka mgongoni, unamtapisha hata maji. Mara nne za kwanza alilazwa wiki moja, akapata nafuu, akarudi kwa mbuzi wake. Na kila alipougua, kwa maneno ya kaka yake, alikuwa ametoka kula kwa Nyakuoth.

Nyakuoth huyo, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na hoteli ya mabati ndani ya kambi ya Kakuma, alikuwa seli tangu juzi. Jana mahakama iliwapa polisi siku saba. Nakiru, aliyetumwa na ofisi ya upelelezi Lodwar, alikuwa amebakiwa na sita za kuthibitisha sumu.

"Ya kwanza ilikuwa Kakuma," Ekuru alisema. "Siku ya soko. Nilikuwa nimeuza mbuzi kumi na wawili."

"Ya pili?"

"Katilu."

Kalamu ya Nakiru ikasimama. Katika malalamiko yaliyoandikishwa kituoni, mara zote tano zilikuwa Kakuma.

"Katilu kulikuwa na nini?"

"Harusi ya binti wa shangazi. Walichinja fahali mnono. Nikala, nikanywa soda, nikacheza. Asubuhi yake nikaanguka."

"Nyakuoth alikuwepo?"

"Nyakuoth aende Katilu kufanya nini?"

Lomorukai, kaka yake mkubwa, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, fimbo mkononi na kigoda chake kidogo cha mbao kwapani. Ndiye aliyekwenda polisi.

"Sumu inakaa mwilini," alisema. "Ilitoka Kakuma, ikamwangusha Katilu."

"Kwa miezi mitatu tangu ale Kakuma, mzee?"

"Mimi si daktari."

"Lakini harusini ulikuwepo."

"Tulikuwa wengi."

"Mbona hukuiandikisha?"

"Nilisahau."

Nakiru aliandika jibu hilo kama lilivyotoka. Kisha akamwinua Ekuru mkono ili atie sahihi, na hapo akaona kiwiko chake. Kilikuwa kimezungukwa na vipele vya manjano, vidogo na vigumu kama punje za mtama.

"Vinawasha?"

"Haviwashi. Vinakuja, vinaenda. Nesi alisema ni joto."

Akaviandika pia.

Daktari aliyekuwa akimtibu Ekuru aliitwa Abei, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimkaribisha Nakiru katika chumba kilichokuwa na kiti kimoja, akamwachia kiti, yeye akaegemea kabati.

"Kiungo kinachomuuma ni kongosho," alisema. "Liko nyuma ya tumbo. Linatengeneza maji makali ya kusaga chakula. Likichokozwa, maji hayo huanza kulisaga lenyewe."

"Nini hulichokoza?"

"Hapa kwetu mara nyingi ni vijiwe vya nyongo au pombe. Nimempiga picha mara tatu, hana kijiwe hata kimoja. Kwa hiyo nimeandika pombe."

"Hanywi."

"Wote husema hawanywi, Sajini."

"Sikumuuliza yeye peke yake. Nimemuuliza mkewe kwa simu, nimemuuliza mchungaji wake, nimewauliza wenye baa wawili wa Kakuma. Mmoja alilalamika kwamba Ekuru huja na wanunuzi wenzake, wao wakaagiza bia, yeye akamaliza soda tatu."

Dakta Abei alijikuna kidevu. "Basi sijui," alisema.

Katika siku mbili za kuulizauliza, hilo lilikuwa jibu la kwanza Nakiru alilolipata ambalo halikuwa na mshukiwa ndani yake.

"Inaweza kuwa sumu?"

"Sioni sumu gani ingemwangusha mtu mara tano, na katikati ikamwacha atembee kilomita arobaini na mbuzi. Lakini siwezi kuapa."

"Basi nipe damu nimpelekee mkemia wa serikali. Nataka ile iliyotolewa siku ya kwanza, kila alipolazwa."

"Hiyo muulize Atiir wa maabara."

Atiir alikuwa ameinamia hadubini. Aliposikia ombi hilo hakuinua kichwa mara moja.

"Za zamani hazipo, afande."

"Ziko wapi?"

"Nilizitupa. Zilikuwa mbovu."

"Zote nne?"

Atiir alivuta daftari kubwa lililochakaa pembeni, akalifungua. Nakiru akaweka kidole kwenye jina la Ekuru na kukishusha ukurasa baada ya ukurasa, miezi kumi na minne. Siku ya kwanza ya kulazwa: sampuli imekataliwa. Siku ya nne: sawa. Akalazwa tena, siku ya kwanza: imekataliwa. Siku ya tano: sawa. Mara nne, mwandiko mmoja, neno moja.

"Ukisema mbovu, una maana gani?"

"Mtu akila kabla ya kutolewa damu, inakuwa na mafuta. Mashine haisomi vizuri. Saa zingine inasoma lakini inadanganya. Kwa hivyo tunaikataa, tunaomba ingine akiwa hajala."

"Na hiyo nyingine inaletwa siku ya nne."

"Ya nne au ya tano. Wodi inachelewa."

"Siku hizo nne anakuwa anakula nini?"

"Hakuna kitu. Wanamfungia chakula, anakaa kwa dripu tu..." Atiir akalitazama daftari kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

"Ya juzi nayo umeitupa?"

"Ya juzi niliiweka. Mlipiga simu mkasema tusitupe kitu."

Aliitoa kwenye friji, akaishika kwa vidole viwili. Nusu ya chini ya kichupa ilikuwa nyekundu iliyokolea, kama damu yoyote. Nusu ya juu, pale panapotakiwa kuwa na maji angavu ya manjano, ilikuwa nyeupe kabisa, nzito, mithili ya chokaa iliyokorogwa.

"Nani ametia kitu humu?" Nakiru aliuliza.

"Hakuna mtu. Ilitoka hivyo kwa mkono wake."

"Na zile nne?"

"Hivyo hivyo." Atiir alikuwa akizungumza na kichupa. "Nilisema huyu ni mfugaji, amekula mafuta mengi. Kila mara nilisema hivyo."

Nakiru alikipiga picha kwa simu yake, mara tatu, mbele ya dirisha. Kisha wakampelekea Dakta Abei. Daktari akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena. Alipoketi, aliketi sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Mafuta," alisema. "Mimi na wewe tukila nyama ya mafuta, baada ya saa chache damu imejisafisha. Ya kwake haijisafishi. Mafuta yanajaa, na yakizidi, kongosho linawaka. Halafu tunamlaza, tunamnyima chakula siku nne, damu inatakata, tunaipima ikiwa imetakata, tunasema hatuoni kitu."

"Kisha anapata nafuu."

"Anapata nafuu, anarudi sokoni. Akiuza vizuri, anakula vizuri."

"Viwiko vyake vina vipele vya manjano."

Dakta Abei alifumba macho. "Ni mafuta hayo hayo yakitafuta pa kukaa. Nesi aliniambia upele wa joto. Sikwenda kuangalia."

"Sasa umejua. Mtibu."

"Ningejua mara ya kwanza ningemwambia aache mafuta na sukari, nikamtafutia vidonge Eldoret. Leo kongosho limeanza kufa, Sajini. Tangu asubuhi hakojoi. Nitamtilia insulini kwenye dripu, hiyo hushusha mafuta kiasi. Lakini anataka mashine na wataalamu, na hivyo vyote viko Eldoret."

"Ataondoka lini?"

"Gari la wagonjwa liko Lokitaung. Likirudi, kesho asubuhi." Akainuka na kujifuta vumbi. "Ugonjwa wa namna hii hutembea ndani ya familia. Kamuulize nani mwingine kwao aliwahi kuugua hivi."

Lomorukai alikuwa bado wodini. Nakiru aliuliza swali akiwatazama wote wawili.

"Hakuna mwingine," alisema Lomorukai.

"Mama," alisema Ekuru.

"Mama alipewa sumu."

"Mama alikufa ameshika hapa, Lomorukai. Hapa ninaposhika mimi."

Lomorukai akachukua kigoda chake akatoka. Fimbo yake ilisikika ikigonga sakafu mpaka mwisho wa ukumbi.

Ekuru alisimulia kwa vipande, akipumzika katikati. Alikuwa na miaka sita. Baba yao alikuwa na mke mwingine, Apua, ambaye siku hiyo alikuwa amepika mafuta ya kondoo na kumgawia mama. Mama alipokufa siku ya tatu, watu walisema ni Apua. Wakamchomea nyumba. Akaondoka kwa miguu kuelekea kwao Todonyang na mtoto mchanga mgongoni.

"Alifika?"

"Yeye alifika. Mtoto hakufika."

"Nani aliyetia moto?"

Ekuru aliutazama mlango aliotokea kaka yake. Nakiru hakuandika kitu.

Kesho yake, gari la wagonjwa lilimbeba Ekuru alfajiri kuelekea kusini; alasiri Nakiru alikuwa Kakuma, ameketi mbele ya Nyakuoth katika chumba cha mahojiano. Mwanamke huyo alikuwa amefunga kitambaa kichwani kwa kipande alichochana kwenye gauni lake. Siku aliyokamatwa, watu walikuwa wameingia hotelini kwake wakabeba sufuria, wakavunja meza, kisha wakachoma kilichobaki. Watoto wake watatu walikuwa kwa jirani.

"Mimi napika sufuria moja, watu wote," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Ekuru nakula, jirani nakula, polisi yako pia nakula. Nani ingine anaumwa?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka kujua alikuwa anaagiza nini."

"Siku ameuza mbuzi, anataka yote. Nyama ya kukaanga, chapati, chai ya maziwa, sukari mingi. Anasema, mama, ongeza mafuta. Mimi naongeza." Alimkazia Nakiru macho. "Mafuta ndiyo nini, madam? Ilikuwa mbaya?"

"Mafuta hayakuwa na neno. Damu yake ndiyo haiyawezi. Yangemdhuru popote. Yalimdhuru Katilu."

Nakiru alikuwa ametarajia afurahi, au alie kwa nafuu. Nyakuoth aliitazama mikono yake juu ya meza.

"Lakini mimi ndiyo naongeza," alisema.

Simu ya Nakiru ikalia. Alikuwa Dakta Abei. Ekuru alikuwa ameshindwa kupumua njiani, nesi akahangaika naye kando ya barabara kwa nusu saa, na karibu na Kainuk akafa. Gari likageuza.

"Kichupa?" Nakiru aliuliza.

"Nilikuwa nimekituma pamoja naye, kikapimwe Eldoret. Kimerudi pamoja naye. Barafu imeyeyuka, damu imeoza."

"Basi apasuliwe leo leo."

"Ameshachukuliwa. Kaka yake alikuja na pikapu. Nilimwomba angoje, nikamweleza sababu. Alisema ndugu yake amechomwa sindano za kutosha." Daktari alikohoa. "Sikuwa na karatasi ya kumzuia."

"Nami sikuwa nimekuandikia," alisema Nakiru.

Nyakuoth alikuwa amemsoma usoni. Alivua kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

Jioni hiyo kiongozi wa mashtaka alisoma mara mbili barua ambayo Dakta Abei alikuwa amemwandikia Nakiru kuhusu ugonjwa huo, akaitazama picha kwenye simu, akairudisha.

"Barua inasema kuna uwezekano mkubwa. Uwezekano si hakika. Na picha si kipimo," alisema. "Asubuhi tulikuwa na jaribio la kuua, sasa tuna mauaji. Lete matokeo ya upasuaji wa maiti yanayosema ni ugonjwa huo, nitamwachilia mama huyu siku hiyo hiyo."

"Watamzika kesho."

"Basi familia ikubali kaburi lifunguliwe. Isipokubali, uombe amri ya mahakama, na hapo unazungumzia miezi. Yeye ataingojea rumande."

Jumatatu Nakiru aliendesha gari mwenyewe hadi Pelekech. Kaburi lilikuwa nje ya boma, mawe yake bado hayajapata vumbi. Lomorukai alikuwa ameketi kivulini mwa ua wa miiba.

"Ejok, mzee."

"Ejok."

Kwa Kiturkana, bila kuharakisha, Nakiru alimweleza yote: harusi ya Katilu, daftari la maabara, vipele, kichupa, mafuta. Akamweleza alichotaka kiongozi wa mashtaka. Lomorukai alisikiliza mpaka mwisho pasipo kumkatiza.

"Kwa hiyo hakuna aliyemuua," alisema.

"Hakuna."

"Na mama?"

"Daktari anaamini ni ugonjwa huo huo."

Mbuzi walipita, kengele zao zikalia, wakaisha. Lomorukai aliongea huku akiwatazama walikopotelea.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wengine walisimama tu na kupiga kelele. Moto niliutia mimi."

"Nilidhani hivyo."

"Ekuru alikwambia?"

"Hakutaja jina."

"Yule mtoto alikuwa ndugu yetu. Wa baba yetu." Alichora mstari mchangani kwa fimbo. "Sasa unataka nifungue kaburi, daktari atazame ndani, kisha aje aniambie nilimchomea Apua nyumba bure."

"Nataka Nyakuoth atoke seli. Ana watoto watatu."

"Namwonea huruma."

"Basi kubali."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Andika unavyopenda."

"Naandika unavyosema, mzee. Sema."

"Andika kwamba ndugu yangu alilishwa sumu na yule mwanamke wa kambini, na kaburi lake lisiguswe."

Nakiru aliandika. Akamsomea, neno kwa neno, akitumaini kwamba atamkatiza mahali fulani. Lomorukai alinyoosha kidole gumba kabla Nakiru hajafungua kibweta cha wino. Alipokiinua kwenye karatasi, alama ilikuwa safi, kila mstari unaonekana.

"Daktari anataka watoto wa Ekuru wapimwe," alisema Nakiru. "Na wako."

"Hakuna atakayepimwa hapa."

Nakiru alikuwa ameshafungua mlango wa gari wakati Akaale, mjane wa Ekuru, alipomjia kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya matanga. Alimshika mkono binti wa miaka minane au tisa, mwembamba, aliyekuwa akimkodolea Nakiru macho.

"Nimesikia mlichoongea," alisema. "Huyu aliumwa tumbo wakati wa mvua. Siku mbili alilia. Nilisema ni minyoo."

"Mlete Lodwar."

"Nikipanda gari lako leo, hapa hapatakuwa kwangu tena nikirudi. Daktari hakuandika kitu?"

Barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Nakiru aliusoma kwa sauti ya chini, akitafsiri kadiri alivyoweza. Ndugu wote, mpaka watakapopimwa, wasile nyama ya mafuta. Wasitumie mafuta ya kupikia. Wasinywe maziwa. Wasiweke sukari.

"Ale nini?"

"Mtama. Mahindi. Maharagwe. Samaki asiyekaangwa."

Akaale aliinua macho akaangalia bonde lote lililokuwa mbele yao, mawe na miiba mpaka kwenye vilima. Hapakuwa na shamba, ila mbuzi na maziwa yao, na ziwa lilikuwa mwendo wa siku nyingi.

"Huyo daktari ni wa wapi?"

"Ni wetu. Mzaliwa wa Lokichar."

"Mturkana."

"Mturkana."

"Na ameandika maziwa?"

"Ameandika."

Akaale aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaificha ndani ya shuka. Akamgeuza mtoto kwa bega kumwelekeza nyumbani.

"Nitaanza kesho," alisema. "Leo ameshakunywa."